Delta ya Tana: Amani Inayozungumzwa Bila Mwenye Maji

Usiku wa kuamkia tarehe 22 Agosti 2012, kijiji cha Riketa karibu na Tarassa, katika delta ya Mto Tana nchini Kenya, kilivamiwa na kuchomwa moto. Waorma, jamii ya wafugaji, wasiopungua 48 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto. Mapema Septemba wakauawa Wapokomo, majirani zao wakulima, katika kijiji cha Chamwanamuma. Tarehe 10 Septemba damu ikamwagika Kilelengwani, na safari hii askari polisi waliotumwa kulinda usalama nao walikuwa miongoni mwa waliokufa. Tarehe 21 Desemba vita vikafika Kipao. Hadi mwanzoni mwa 2013 idadi ya waliouawa ilikuwa imepita 100, na maelfu ya watu walikuwa wameyahama makazi yao.

Serikali ilitangaza kafyu, ikapeleka kikosi cha polisi cha GSU, ikaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Grace Nzioka. Viongozi wa kila ngazi walifika kuhubiri amani. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa yale tuliyoyazoea: wakulima na wafugaji hawapatani, ng'ombe wameingia shambani, mkulima amewakata ng'ombe mapanga, vijana wamelipiza kisasi, wanasiasa wamechochea kwa sababu uchaguzi wa Machi 2013, wa kwanza chini ya Katiba ya 2010, unaleta viti vipya vya ugavana na useneta. Yote hayo yalikuwepo. Siasa ilikuwepo, visasi vilikuwepo, bunduki zilikuwepo.

Lakini maelezo hayo yanaanzia katikati. Yanaanza pale ng'ombe anapokanyaga mpunga. Hayaulizi kwa nini ng'ombe huyo yuko hapo mwezi huo, kwa nini mpunga umepandwa kwenye njia yake, na maji waliyokuwa wakigawana wazee wa pande zote mbili yamekwenda wapi. Baraza la amani linaloanzia katikati huwabebesha Waorma na Wapokomo deni ambalo sehemu yake kubwa si lao. Hiyo ndiyo hoja ninayotaka kuipima katika kisa hiki, kwa sababu naona tunakaribia kuirudia safari hiyo hiyo, mara hii kwa jina la mabadiliko ya tabianchi.

Mto Tana ndio mrefu kuliko yote nchini Kenya, takriban kilomita 1,000. Unatoka Aberdare na Mlima Kenya, unakata nyanda kavu za Garissa na Hola, kisha ukishapita Garsen unatawanyika: mikono ya mto, maziwa madogo kama Bilisa na Shakababo, majani marefu yanayosimama ndani ya maji, misitu ya kandokando, mikoko, hadi bahari ya Kipini. Delta yenyewe ina ukubwa wa hekta 130,000 hivi. Mwaka huo huo wa mauaji, 2012, hekta 163,600 za delta na maeneo yanayoizunguka ziliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu kwa dunia nzima. Dunia iliitambua delta katika mwaka ambao watu wake walikuwa wakizikana.

Mto huu ulizoea kufurika mara mbili kwa mwaka, mara moja kwa mvua za masika na mara ya pili kwa mvua za vuli. Mafuriko hayo hayakuwa balaa. Yaliacha tope lenye rutuba na unyevu uliodumu miezi. Mpokomo alipanda mpunga maji yalipopanda na mahindi yalipokuwa yakishuka, na kwenye kingo zilizoinuka akaweka migomba na miembe. Shamba lake halikuwa mraba. Lilikuwa ukanda mwembamba ulioanzia ukingoni mwa mto na kuingia ndani kuelekea porini, urithi wa ukoo. Muorma naye wakati wa mvua alikuwa mbali, bara, ambako malisho yamechipua na vidimbwi vimejaa. Vidimbwi vilipokauka aliteremsha mifugo deltani, kwa kuwa hapo nyasi zilibaki mbichi wakati kila mahali pamekuwa vumbi. Kwa kawaida alifika mpunga ukiwa umeshavunwa au unakaribia kuvunwa. Mafuriko yale yale yalimlisha mkulima kwanza, kisha yakamlisha mfugaji.

Kati yao palikuwa na malka, na hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu kisa chote kinapita humo. Malka ni uwazi ulioachwa kati ya shamba na shamba, wenye upana wa kundi kupita, unaoshuka hadi pale ukingo wa mto ulipolala na ng'ombe anaweza kunywa bila kuporomokea majini. Hauna ua wala hati. Unajulikana kwa jina lake, kwa mti uliosimama pembeni, kwa kumbukumbu ya wazee. Kundi hushuka, hunywa, hurudi kwa njia hiyo hiyo. Likikengeuka na kula mazao, wazee wa Gasa kwa upande wa Wapokomo na wa Matadeda kwa upande wa Waorma hukaa pamoja, hukagua hasara, mwenye mifugo akalipa. Ugomvi ulikuwepo zama zote, na damu iliwahi kumwagika kabla ya wakoloni na baada yao. Ila ulikuwepo pia utaratibu wa kuukata, nao ulisimama juu ya jambo moja: kwamba mto utafurika, na utafurika kwa wakati wake.

Kisha mto ukafungwa huko juu. Bwawa la Kindaruma lilikamilika 1968, yakafuata Kamburu na Gitaru, Masinga mwaka 1981, Kiambere 1988. Haya ndiyo mabwawa ya Seven Forks, ambayo kwa miongo mingi yalikuwa uti wa mgongo wa umeme wa Kenya. Masinga peke yake hubeba maji mita za ujazo bilioni 1.56. Jiji la Nairobi nalo hunywa maji yanayotoka katika bonde la juu la mto huu huu. Sisemi mabwawa hayo yalikuwa makosa. Hospitali na viwanda vya nchi hii viliwaka taa kwa ajili yake. Nasema kwamba tangu hapo wakati wa maji kuachiliwa ulipangwa na mahitaji ya umeme, na mtu wa Garsen anayesubiri maji ya kupanda mpunga hakuwa mezani. Mafuriko ya masika yakapungua nguvu. Miaka mingine hayakufika kabisa kwenye mabonde yaliyokuwa yakilimwa, na miaka mingine yalikuja ghafla, mabwawa yalipojaa na maji kulazimika kuachiliwa.

Matokeo yake yanaonekana kwa macho. Bonde lililokuwa la mpunga likikauka, mkulima husogea kwenye ardhi ya chini iliyobaki na unyevu, na ardhi hiyo mara nyingi ndiyo malka au ndiyo malisho ya kiangazi. Anapanda pale kwa sababu watoto wake wanataka kula. Mfugaji anakuja na mifugo kama alivyokuja babake, anakuta mahindi. Huko chini kabisa, Ozi na Kipini, tatizo ni lingine. Wakulima wa Ozi walitumia kujaa na kupwa kwa bahari kuinua maji baridi ya mto yaingie mashambani. Mto ulipokosa nguvu ya kusukuma, bahari ikapanda badala yake, na chumvi ikaingia kwenye mpunga na miembe. Shamba la chumvi halirudi kwa mvua ya msimu mmoja.

Suala la ardhi lilizidisha uchungu. Mwaka 2000 serikali ilianza mpango wa kupima ardhi ya delta ili watu wapewe hati. Kwa Mpokomo mwenye ukanda wake kando ya mto, hati ilikuwa kinga aliyoingoja miaka mingi. Kwa Muorma, hati ya ukingo mzima wa mto ilimaanisha kwamba ng'ombe wake hatafika majini tena isipokuwa kwa hisani. Wote wawili walikuwa na haki, na mpango haukuwa na mahali pa kuziweka haki mbili juu ya kipande kimoja kwa misimu tofauti. Mapigano yaliyofuata mwaka 2001 yaliua watu zaidi ya 100. Miaka 11 kabla ya Riketa, somo lilikuwa limeshatolewa kwa gharama hiyo.

Badala ya kulisoma, tulileta makampuni. Mwaka 2008 ulitangazwa mradi wa miwa wa hekta takriban 20,000, mamlaka ya serikali ya bonde la Tana na Athi, TARDA, ikishirikiana na kampuni kubwa ya sukari ya magharibi mwa Kenya. TARDA yenyewe ilikuwa na mradi wa mpunga hapo hapo deltani uliovunjwa na mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998. Ikatajwa Qatar, kwamba inataka hekta 40,000 za kulima chakula chake. Ikaja kampuni ya Kanada na mpango wa kupanda mibono ya mafuta. Mingi ya mipango hiyo haikusimama. Lakini kila mmoja ulipita vijijini na ahadi na vipimo vyake, na ulipoondoka uliacha watu wakitazamana: nani aliyetaka kuuza, nani aliyesaini, ardhi ya nani ilitajwa kwenye ramani ya mgeni.

Huo mpango wa mibono unastahili kutazamwa zaidi ya mingine. Mafuta ya mimea yalisifiwa kama nishati safi, dawa ya hewa chafu inayotoka kwenye magari ya nchi tajiri. Dawa hiyo ilihitaji ardhi, na ardhi iliyoonekana tupu ilikuwa malisho ya kiangazi ya watu ambao wengi wao hawajawahi kumiliki gari. Hapo ndipo suala la haki ya tabianchi linapoingia katika kisa hiki kabla hata ya kuzungumzia ukame. Suluhisho linaweza kuwa zuri kwa anga ya dunia na bado likamfukuza mtu kwenye maji yake.

Tuje kwenye ukame. Kenya huchangia sehemu ndogo sana ya gesi zinazopasha dunia joto, na ndani ya Kenya watu wa delta wako chini kabisa ya orodha hiyo. Kati ya 2020 na mwanzoni mwa 2023 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika Pembe ya Afrika. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walipochambua ukame huo, wakihusisha mashariki mwa Kenya, kusini mwa Ethiopia na kusini mwa Somalia, walisema mwaka 2023 kwamba mabadiliko ya tabianchi yanayosababishwa na binadamu yaliufanya uwezekano wake kuwa mkubwa angalau mara 100. Halafu mvua za Oktoba hadi Desemba 2023 zikaja kwa hasira. Kundi hilo hilo likakadiria kuwa joto la dunia lilizifanya ziwe nzito hadi mara mbili. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe kwa kiu alipoteza mbuzi waliobaki kwa maji. Masika ya 2024 mto ukafurika tena na kuzamisha vijiji vya Tana River na Garissa.

Ukame haukai na watu wa deltani peke yao. Delta ndiyo kimbilio la mwisho la eneo zima. Kukikauka Garissa na Ijara, mifugo ya huko huteremka Tana, na wachungaji wake hawaijui malka kwa jina, hawajawahi kula na wazee wa Gasa, na hawafungwi na fidia ambayo Matadeda ilikubali. Mapatano ya majirani wawili hayawezi kumbana mtu wa tatu ambaye hakuyasikia.

Sasa tuyatazame mabaraza. Aliyewahi kukaa katika baraza la amani anaujua mpangilio wake: dua ya sheikh, sala ya mchungaji, chifu, wakubwa wa usalama, viongozi wa kaunti, mzee wa upande huu, mzee wa upande ule, kijana mmoja, na mama mmoja mwishoni, muda ukiwa umeshakwisha. Watu huombana msamaha. Mara nyingi msamaha huo ni wa kweli, na siudharau hata kidogo. Mtu aliyempoteza mwanawe akimpa mkono jirani wa waliomuua amefanya jambo zito kuliko tume yoyote. Ila msamaha haurudishi mafuriko. Kiangazi kinachofuata, kundi litashuka na malka itakuwa bado imelimwa.

Sisi watu wa pwani tuna methali isemayo Mgala muue na haki yake mpe. Wagala wanaotajwa humo ndio tunaowaita leo Waorma. Tumeitumia karne nyingi kusifu uadilifu, na ni kweli inasifu uadilifu, lakini jirani anayetajwa yupo hai, ana watoto shuleni Garsen, na haki yake anastahili kuipata bila hiyo sehemu ya kwanza. Nalitaja hili kwa sababu mazungumzo ya amani huathiriwa na mambo ambayo hayasemwi barazani. Muorma husikia akiitwa mgeni kwenye ardhi ambayo ng'ombe wa ukoo wake wameinywea vizazi kwa vizazi, na Mpokomo husikia akiambiwa kwamba jembe lake ndilo lililoharibu nchi. Maneno hayo yote mawili hujibu swali la nani mwenye kosa, wakati swali lililohitaji jibu ni maji yaliyobaki yatatosha nani, lini na kwa njia ipi.

Kuna waliolishika swali hilo. Mwaka 2010, kabla ya mauaji, wakazi wa delta, wakulima na wafugaji na wavuvi, walifungua kesi katika Mahakama Kuu kuhusu jinsi ardhi na maji yao yanavyogawiwa miradi mikubwa bila mpango na bila wao kuhusishwa. Hukumu ilitolewa Februari 2013 na Jaji Mumbi Ngugi, makaburi ya Kipao yakiwa bado mabichi. Mahakama iliagiza serikali na taasisi zake kutayarisha mipango ya matumizi ya ardhi ya delta, ya muda mfupi, wa kati na mrefu, kwa ushiriki wa wakazi wenyewe. Natamani hukumu hii ingejulikana zaidi kuliko inavyojulikana. Wakati runinga zilikuwa zikionyesha majirani wakichinjana, majirani hao hao walikuwa wamesimama upande mmoja wa shauri.

Mpango wenyewe ulikuwa umeshaanza kuandaliwa tangu 2011, ukiziunganisha idara za serikali, kaunti za Tana River na Lamu zilipoundwa, na shirika la Nature Kenya ambalo lilifika deltani kwa ajili ya ndege na kukuta kwamba ndege hawawezi kulindwa watu wakiuana. Ulizinduliwa 2015. Kilichonivutia ndani yake ni jinsi mazungumzo yalivyobadilika sura. Vijiji 106 vilichagua wawakilishi. Watu waliwekewa mielekeo mitatu mbele yao: delta ya mashamba makubwa ya biashara, delta ya uhifadhi mtupu, au delta inayochanganya kilimo, ufugaji, uvuvi na uhifadhi kwa kugawana maeneo na misimu. Walichagua huo wa tatu.

Fikiria tofauti ya mazungumzo hayo na ya baraza la kawaida. Ukiuliza watu, nani alianza, utapata hadithi mbili zisizokutana. Ukiwapa ramani na kuwaambia waonyeshe malka zote za zamani, mzee wa Kipokomo na mzee wa Kiorma watazitaja majina yale yale. Watabishana kuhusu upana, kuhusu ile iliyozibwa na shamba la nani, kuhusu ipi inaweza kuhamishwa mita mia kaskazini. Ubishi huo una mwisho, kwa kuwa unahusu kitu kinachopimika. Kwa maoni yangu hapo ndipo amani ilipopata miguu deltani, zaidi ya kwenye mikutano iliyotangazwa kwa jina la amani.

Mapungufu yake nayo lazima yasemwe. Mpango wa matumizi ya ardhi ni karatasi mpaka uwe na nguvu ya sheria, bajeti na mtu wa kuamua unapovunjwa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, iliyotungwa kutekeleza Ibara ya 63 ya Katiba, ilitoa njia ya jamii kusajili ardhi yao kwa pamoja, lakini usajili huenda polepole, na katika mahali ambapo jamii mbili hutumia ardhi moja kwa misimu tofauti, kuandika nani ni jamii kunaweza kuwa mwanzo wa vita vingine. Wanawake, ambao ndio wanaochota maji na ndio waliokuwa wengi kati ya maiti za Riketa, hawamo katika Gasa wala Matadeda kama zilivyorithiwa, kwa hiyo kila mpango unaopitia wazee peke yao umewaacha nje tangu hatua ya kwanza. Na kubwa kuliko yote, mpango unaishia kwenye mpaka wa delta. Unagawa maji yanayofika. Hausemi neno kwa anayeamua yafike kiasi gani.

Yaliyotokea 2024 upande wa kaskazini wa kaunti ya Tana River yanaonyesha hatari ya kuacha pengo hilo. Mafuriko yaliwang'oa watu makwao kando ya mto, na ikabidi watafutiwe mahali pa juu pa kuishi. Mahali pa juu pana wenyewe, nao ni wafugaji. Ugomvi kuhusu kuwahamishia waathiriwa hao ukazaa mapigano na vifo, na Oktoba 2024 Wizara ya Usalama wa Ndani ikatangaza vijiji na maeneo kadhaa, yakiwemo Bangale, Chewele na Nanighi, kuwa yenye vurugu na hatari, ikaweka kafyu. Zamani walipigana kwa sababu mafuriko hayakuja. Sasa wamepigana kwa sababu yalikuja kupita kiasi. Waliofurishwa hawana hatia, waliokataa kupokonywa malisho hawana hatia ya kupenda malisho yao, na uamuzi wa kuwakutanisha juu ya kipande kimoja ulihitaji mazungumzo ya miezi kabla ya nguzo ya kwanza ya nyumba kusimama.

Fedha za tabianchi sasa zinafika hadi ngazi ya wadi. Chini ya mpango wa kitaifa wa FLLoCA, wadi zina kamati za kupanga hatua za kukabili mabadiliko ya tabianchi, na miradi yake mingi ni ya maji: visima, mabirika, vidimbwi. Ni jambo jema, nami naliunga mkono, lakini kisima si kitu kisicho na siasa katika Tana. Ukichimba kisima katikati ya malisho ya mvua, mifugo haitaondoka hapo, nyasi zitakwisha, na watu watajenga. Ukikichimba mbali na mto kwenye njia ya kushukia, unaweza kupunguza shinikizo kwenye malka. Kisima kile kile huleta amani au vita kulingana na mahali kilipo, na anayejua mahali ni mchungaji na mkulima wakiwa wamekaa pamoja. Kamati ya wadi ambayo imejaa watu wa upande mmoja itachimba visima vya upande mmoja.

Biashara ya kaboni nayo inabisha hodi. Marekebisho ya 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yanataka miradi ya kaboni inayotumia ardhi itoe angalau asilimia 40 ya mapato yake ya mwaka, baada ya gharama, kwa jamii. Mikoko ya Kipini na nyasi za delta ni akiba kubwa ya kaboni, hivyo wawekezaji watakuja. Kabla ya mtu yeyote kujadili asilimia, wakazi wanapaswa kudai jibu la maandishi kwa swali moja: mkataba huu utaifunga malka ipi, na kwa miaka mingapi? Makubaliano ya kaboni huweza kudumu miaka 30 au zaidi. Ukame utakaokuja katika miaka hiyo haujali saini.

Kimataifa, mfuko wa hasara na uharibifu uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 ulipata ahadi za dola takriban milioni 700 mwanzoni, kwa dunia nzima yenye uhitaji. Ni tone. Lakini kanuni iliyowekwa ni kubwa: kwamba aliyeharibu anachangia kurekebisha. Naona ajabu kwamba tunaidai kanuni hiyo kwa Ulaya na Marekani, tena kwa haki kabisa, huku tukiona taabu kuitumia ndani ya bonde moja la mto. Mwenye taa Nairobi ananufaika na maji ambayo hayakumfikia mpanda mpunga wa Ngao. Sehemu ya bei ya umeme wa Seven Forks ingeweza kurudi deltani kwa kudumu, si kama sadaka ya mafuriko, bali kama malipo ya kile kilichozuiwa.

Jaribio lililo karibu ni bwawa la High Grand Falls, ambalo limekuwa katika mipango ya serikali kwa miaka mingi. Likijengwa kama lilivyopangwa, litabeba maji zaidi ya mara tatu ya Masinga. Litakuwa na mikutano ya ushiriki wa umma kwa sababu sheria inataka. Ninachokiomba ni kwamba mikutano hiyo isianzie Kitui na Tharaka Nithi na kuishia hapo, bali iteremke hadi Garsen, Ozi na Kipini, na iendeshwe kwa Kiswahili ambacho wote wanakielewa, hati zikiwa zimesomwa kwa sauti siku nyingi kabla. Wahandisi wa bwawa wawepo wenyewe, wasitume wawakilishi wa uhusiano mwema. Wazee wa Gasa na Matadeda waje na ramani ile ya malka, kina mama wa vijiji 106 wawe na wawakilishi wao wenyewe, wachungaji wa Garissa waalikwe. Na katika leseni ya bwawa iandikwe tarehe ya kuachilia mafuriko ya masika na ya vuli, kiasi cha maji kwa mita za ujazo, na adhabu ya kutoyaachilia.